Picha za Mitaani Zenye Rangi: Kwa Nini Anayesubiri Humshinda Anayekimbiza

Makala haya ni maelezo ya ziada kwa wasikilizaji wa vipindi vyetu wanaopenda kupiga picha kwa simu. Yanaeleza picha za mitaani zenye rangi ni zipi, zilianzaje kuheshimiwa, na kwa nini subira na nia ni muhimu kuliko bei ya simu. Mwishoni kuna sehemu ya sheria na heshima, na zoezi la kufanya wiki hii.

Kila tunapozungumzia picha hewani, maswali hufanana. Simu gani inapiga picha nzuri? Programu gani inaongeza rangi? Ni maswali ya haki, kwa sababu kifaa kina mchango wake. Lakini ukifuatilia maisha ya watu waliojenga aina hii ya picha, utaona kuwa wengi wao walikuwa na kamera ndogo na filamu yenye nafasi ya picha 36 tu. Hawakuweza kuona walichopiga mpaka filamu isafishwe, siku nyingi baadaye. Kilichowatofautisha na wengine ni mambo mawili.

La kwanza ni subira, yaani kukaa mahali mpaka picha ije. La pili ni nia, yaani kujua unasubiri nini na kwa sababu gani. Mwenye subira bila nia atasimama stendi mchana kutwa na kurudi nyumbani na vumbi. Mwenye nia bila subira atakimbiza watu na simu mkononi, na watu watamkimbia. Mambo hayo mawili yakikutana, picha huwa nzuri, na aliyepigwa hubaki na heshima yake.

Picha ya mitaani ni ipi?

Ni picha ya maisha ya kila siku mahali pa wazi, watu wakiwa katika shughuli zao bila kupozi. Hakuna aliyeambiwa asogee, atabasamu au atazame kamera. Jina linataja mtaa kwa sababu aina hii ilikulia katika miji mikubwa, lakini mtaa si sharti. Gulio ni mtaa. Stendi ya basi ni mtaa. Mwalo wa samaki, foleni ya maji na kijiwe cha bodaboda vyote ni mtaa.

Picha hii si ya studio wala ya harusi. Pia si ya habari. Mpiga picha wa habari hufuata tukio: ajali, mkutano, ziara ya kiongozi. Mpiga picha wa mitaani hana tukio. Mama anakaza kanga kabla ya kubeba ndoo, mtoto anajificha nyuma ya gunia, mzee anasoma gazeti la jana kwenye kivuli. Dakika moja baadaye hakuna kilichobaki.

Na rangi je? Leo kila simu hupiga kwa rangi, hivyo neno hili linahitaji maelezo. Kwa wapiga picha tunaowazungumzia, picha ya rangi ni ile ambayo ukiondoa rangi, picha nayo imekufa. Jaribu mwenyewe. Chagua picha unayoipenda kwenye simu yako, kisha ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa inasema jambo lilelile, basi rangi haikuwa na kazi pale. Ikiwa imepoteza kila kitu, rangi ndiyo iliyokuwa mzigo wenyewe.

Zamani rangi ilidharauliwa

Filamu ya rangi iitwayo Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 wapiga picha waliojiona wasanii waliendelea na nyeusi na nyeupe. Rangi ilionekana ni ya matangazo ya biashara na picha za familia. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyewafundisha wengi kuvizia sekunde moja ya maana kupitia kitabu chake cha mwaka 1952, anajulikana karibu kabisa kwa picha nyeusi na nyeupe.

Sababu haikuwa dharau peke yake. Filamu za rangi za mwanzo zilihitaji mwanga mwingi sana, na mtu anayetembea kivulini angetoka na ukungu. Kuzisafisha kulihitaji maabara maalumu, na kuzichapa kwenye karatasi kulikuwa ghali. Kwa hiyo aliyepiga rangi mtaani hakuweza kubahatisha.

Mwaka 1962 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalionyesha picha za rangi za Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1976 makumbusho hayohayo yalionyesha kazi za William Eggleston, Mmarekani kutoka Memphis, aliyepiga vitu vya kawaida kabisa vya mji wake. Wahakiki kadhaa walimkejeli wakisema picha zake ni za kuchosha. Leo maonyesho yale yanahesabiwa kuwa moja ya mambo yaliyoifanya rangi ikubalike kama sanaa.

Nchini India, Raghubir Singh, mzaliwa wa Jaipur aliyeishi kati ya 1942 na 1999, hakungoja kibali hicho. Alipiga kwa rangi tangu mwanzo, akishikilia kwamba kwa watu wa kwao rangi si urembo wa kuongezwa juu ya maisha. Ndiyo namna wanavyoyaona maisha yenyewe. Anayetoka mahali ambapo kanga huchaguliwa kwa rangi na maneno yake ataelewa haraka alichomaanisha.

Saul Leiter: mitaa michache, miaka 60

Tukitafuta mtu mmoja wa kutufundisha subira, ni Saul Leiter. Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1923. Baba yake alikuwa msomi wa dini ya Kiyahudi na alitaka mwanawe afuate njia hiyo. Mwaka 1946, akiwa na miaka 22, Leiter aliacha masomo ya dini na kuhamia New York ili awe mchoraji. Huko akaingia kwenye picha, na kuanzia mwaka 1948 akawa anapiga kwa rangi.

Cha kwanza cha kujifunza kwake ni kwamba hakwenda mbali. Tangu mwaka 1952 aliishi nyumba ileile upande wa mashariki wa New York hadi alipofariki mwaka 2013. Picha zake nyingi zinazopendwa alizipiga umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Alikuwa na mitaa michache, mvua, theluji, madirisha ya maduka na miavuli. Alirudi palepale mara nyingi kiasi kwamba alijua mwanga utaangukia wapi na saa ngapi.

Cha pili ni alivyopanga picha. Leiter hakufuata mtu. Alianza na kitu kilichotulia, kama kioo chenye ukungu, ubao wenye ufa au turubai la duka, kisha akamwachia mpita njia amalizie. Katika picha yake ya mwaka 1957 aliyoipa jina la kuona kupitia mbao, sehemu kubwa ni giza la mbao zenyewe. Katikati kuna ufa mwembamba tu, na mtaa wote unaonekana humo. Katika nyingine ya karibu mwaka 1950, tunatazama kutoka juu: theluji nyeupe, alama za nyayo, na mwavuli mwekundu mmoja unapita. Uondoe ule wekundu na hutakuwa na sababu ya kuitazama picha ile mara ya pili.

Alitumia hata filamu zilizopitwa na muda, na rangi zikatoka zimefifia kwa namna asiyoweza kuibashiri. Zikawa sehemu ya mtindo wake.

Cha tatu ndicho kikubwa. Leiter alipata riziki kwa kupiga picha za mitindo ya mavazi kwenye majarida, lakini picha zake za mitaani zilikaa kwenye maboksi kwa miongo kadhaa. Nyingi hazikuchapwa, kwa kuwa kuchapa kulikuwa na gharama. Kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kilitoka mwaka 2006, akiwa na miaka 82. Muda wote huo aliendelea kupiga. Hakuwa akisubiri sifa. Alikuwa akisubiri mwavuli.

Njia tatu za kusubiri

Subira mtaani haina sura moja. Ukiangalia kazi za wakongwe utaona njia tatu.

*Kusimama.* Hii ndiyo rahisi kwa anayeanza. Unachagua jukwaa kwanza: ukuta wenye rangi, mlango wenye mwanga, kivuli kinachokata barabara. Kisha unangoja mtu aingie. Ni kama mvuvi wa ndoana. Hafuati samaki majini. Anajua mahali wanapopita, na anakaa hapo kimya.

*Kutembea polepole.* Joel Meyerowitz alizaliwa New York mwaka 1938. Mwaka 1962 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo alipomtazama mpiga picha Robert Frank akiwa kazini. Aliporudi ofisini aliacha kazi, akaingia mtaani na filamu ya rangi. Miaka michache baadaye alikuwa akibeba kamera mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe, na kupiga tukio lilelile kwa zote ili aone rangi inaongeza nini. Alitembea katikati ya umati, lakini hakuwa akizurura. Alikuwa na swali, akalitafutia jibu kwa miaka.

*Kurudi.* Helen Levitt, aliyezaliwa mwaka 1913, alipata ufadhili mwaka 1959 na 1960 ili apige picha za rangi katika mitaa ya watu wa kawaida ya New York. Mwaka 1970 mwizi aliingia nyumbani kwake na sehemu kubwa ya picha hizo ikapotea. Alikuwa anakaribia miaka 60. Akarudi mitaani, akaanza upya. Mwaka 1974 slaidi zake 40 za rangi zilionyeshwa katika makumbusho yale ya New York. Picha zake nyingi ni za watoto wakicheza na majirani wakipiga soga, mambo ambayo mpita njia mwenye haraka hayaoni.

Alex Webb, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1952, huchanganya njia zote. Alianza na nyeusi na nyeupe, kisha safari za Haiti na mpaka wa Mexico zikambadilisha. Jua kali, kuta zilizopakwa rangi na vivuli vizito vilimwonyesha kwamba nyeusi na nyeupe haitoshi kusimulia mahali pale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akahamia kwenye rangi. Webb amewahi kusema wazi kwamba karibu kazi yote ya mitaani ni kushindwa. Yaani anayerudi bila picha hajakosea. Ndivyo kazi ilivyo.

Nia: maswali matatu kabla ya kubonyeza

Simu imeondoa gharama ya filamu. Unaweza kupiga picha 300 gulioni na zote zikakaa kwenye kumbukumbu ya simu. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wingi huleta hisia kwamba umefanya kazi. Kabla ya kubonyeza, jiulize mambo matatu.

*Rangi gani imenifanya nisimame hapa?* Taja moja au mbili, si zote. Madumu ya njano dhidi ya udongo mwekundu. Turubai la bluu likitupa mwanga wake juu ya nyanya. Ukuta wa duka uliopakwa rangi na kampuni ya simu, na mtu aliyevaa rangi inayogongana nao. Soko lina rangi zote kwa pamoja, na ukizichukua zote unapata kelele. Sogea, inama au badilisha upande mpaka zibaki zile ulizozitaja.

*Kinakosekana nini?* Ukishapata jukwaa, jua unangoja nini. Mtu mmoja au wawili? Anayetoka kulia au kushoto? Aliyebeba kitu kichwani? Ukijua, utamwona akiwa bado mbali, na mkono utakuwa tayari. Usipojua, utabonyeza baada ya yeye kupita.

*Picha hii itasema nini juu ya aliyemo?* Wengi hulisahau swali hili. Picha inaweza kumwonyesha mtu anafanya kazi yake vizuri, au ikamfanya kichekesho. Kidole ni kilekile na sekunde ni ileile. Kinachotofautisha ni ulichokuwa unakitafuta.

Mwanga wa kwetu na rangi zake

Maeneo yetu yako karibu na mstari wa Ikweta. Jua hupanda haraka, hukaa karibu na utosi mchana, na jioni huzama bila kuchelewa. Saa nzuri ya rangi ni fupi. Asubuhi ni takriban saa 1 hadi saa 2:30, na jioni ni kati ya saa 11 na muda mfupi baada ya saa 12. Wakati huo mwanga huja wa ubavuni, rangi huiva na sura za watu huonekana vizuri.

Je, saa 7 mchana mtu aweke simu mfukoni? Hapana. Tafuta kivuli chenye mwanga: chini ya bati la duka, chini ya mwembe, kwenye mlango uliotazama barabara nyeupe. Vumbi na kuta hurudisha mwanga laini ndani ya kivuli hicho, na rangi za nguo hubaki kamili. Au fuata njia ya Webb: acha vivuli viwe vyeusi kabisa, kisha ngoja mtu apite kwenye kipande kimoja chenye jua.

Baada ya mvua nako ni saa ya neema. Matope hung'aa, majani husafishika, miavuli hutoka. Leiter alijenga nusu ya jina lake kwa hali ya hewa ambayo wengine waliikimbia.

Jambo moja kuhusu ngozi nyeusi. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilipimwa kwenye maabara kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, hivyo sura zetu mara nyingi zilitoka kama kivuli chenye macho na meno. Simu za leo ni bora, lakini bado hudanganyika. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe wenye jua, simu hupima ukuta na kumfanya yeye giza. Gusa sura yake kwenye kioo ili simu ipime hapo. Au chagua ukuta wenye rangi iliyokolea, kama bluu, kijani au udongo, na tatizo litapungua lenyewe.

Namna ya kufanya kwa simu ya kawaida

1. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole huua rangi kuliko ubovu wa kamera.
2. Usivute picha karibu kwa vidole. Simu nyingi hukuza tu picha na kuiharibu. Sogea wewe.
3. Ukishachagua jukwaa, bonyeza kioo kwa muda mpaka simu ishike mwanga wa pale. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua. Ishushe kidogo ili rangi zisipauke.
4. Zima flashi na sauti ya kamera. Mlio mmoja hubadilisha sura za watu wote waliokuzunguka.
5. Shika simu wazi kifuani, usiifiche. Anayeficha simu huonekana mwizi, na mara nyingi watu wako sahihi kumshuku.
6. Kaa hapo angalau nusu saa. Dakika kumi za kwanza watu watakutazama. Baada ya hapo watarudi kwenye shughuli zao.
7. Usiangalie picha ulizopiga ukiwa bado pale. Wakati umeinamisha kichwa, picha uliyoisubiri hupita.
8. Subiri siku mbili au tatu kabla ya kuchagua. Siku ileile utapenda picha kwa sababu ulihangaika kuipata. Baadaye utaitazama kama mgeni.

Hatua ya sita inastahili neno zaidi. Kijijini, tofauti na New York, mpiga picha anajulikana. Ni mtoto wa fulani. Wengine huona hiki ni kizuizi, lakini ni msaada. Unaweza kusalimia, ukanunua ndizi, ukaketi. Ukiwa umemwambia mama lishe asubuhi kwamba leo utakuwa hapo unapiga picha za gulio, saa mbili baadaye atakuwa amekusahau na anakoroga uji wake. Picha itakuwa haikupangwa, na ruhusa itakuwepo.

Picha ikiwa nzuri na mtu akaumia

Kati ya mwaka 1999 na 2001, Philip-Lorca diCorcia alifunga taa za flashi juu ya njia ya waenda kwa miguu eneo la Times Square, New York. Akakaa mbali na lenzi ndefu. Kila mpita njia alipofika mahali alipopapima, taa ziliwaka na sura yake ikatokea yenye rangi na mwanga kama wa jukwaani, huku akiwa hana habari. Alipiga picha zaidi ya 3,000 na kuchagua 17 tu. Kwa subira na nia, ni mfano mkubwa.

Mmoja wa watu hao 17 alikuwa mzee wa Kiyahudi wa madhehebu yanayofuata dini kwa ukali. Miaka kadhaa baadaye aligundua kuwa sura yake imeonyeshwa na kuuzwa kwa maelfu ya dola. Alishtaki, akisema faragha yake imevunjwa na imani yake haikubali matumizi hayo ya sura. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupa kesi hiyo, ikisema picha zile ni sanaa na zinalindwa na uhuru wa kujieleza.

Mpiga picha alishinda. Lakini mzee yule hakuwa ameulizwa, na hukumu haikubadilisha hilo. Ndiyo maana swali letu la tatu lina uzito. Sheria inaweza kukuruhusu jambo ambalo jirani yako hatakusamehe.

Isitoshe, sheria ya New York si ya kwetu. Nchini Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliipiga faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 klabu moja ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ile ilikuwa biashara, si kijana mwenye simu gulioni. Hata hivyo inaonyesha kwamba sura ya mtu si mali ya aliyebonyeza.

Kwa hiyo shika haya. Usipige kambi za jeshi, magereza wala mahali penye bango la katazo. Mtoto: zungumza na mzazi kabla ya kuituma picha popote. Mgonjwa, mlevi, aliyelala, aliyefiwa, anayeoga mtoni: shusha simu. Ukiona mtu amekunja uso au amejifunika, jibu umeshapewa. Akikuomba uifute, ifute mbele yake, umwonyeshe. Na picha ya mtu yeyote isigeuzwe utani kwenye kundi la WhatsApp. Picha ikishatumwa huko, haiwezi kurudishwa.

Maswali ambayo hutufikia mara kwa mara

*Nikiomba ruhusa mtu anapozi. Nifanyeje?* Mpige akiwa amepozi, umwonyeshe, acheke. Kisha usiondoke. Watu wengi huondoka wakishapata pozi. Ukibaki, dakika tano baadaye atarudi kwenye kazi yake, na sasa anajua wewe ni nani.

*Je, niongeze rangi kwa programu?* Kidogo si dhambi. Lakini ukizidisha, majani huwa kama plastiki na ngozi ya mtu huwa ya chungwa. Rangi ikiwa imepoa, mara nyingi kosa ni saa uliyopiga. Rudi kesho asubuhi.

*Kijijini kwetu hakuna cha kupiga.* Leiter alitumia mitaa michache kwa zaidi ya miaka 50 na haikuisha. Anayesema hakuna kitu mara nyingi amepita mara moja.

Zoezi la wiki hii

Chagua mahali pamoja pasipozidi dakika tano kutoka nyumbani, penye rangi moja inayokuvutia. Nenda hapo siku tatu, saa ileile, ukae nusu saa kila siku. Siku ya kwanza usipige kabisa. Tazama tu watu wanapita wapi na mwanga unaangukia wapi, na waambie wenyeji wa pale unachokifanya. Siku ya pili piga picha zisizozidi kumi. Siku ya tatu zisizozidi tano. Chagua moja, kisha umtafute aliyemo na umwonyeshe. Akifurahi na akikubali, ihifadhi, na umrushie naye nakala yake. Akikataa, ifute. Mahali pale pataendelea kuwepo, na watu wataendelea kupita.